Kipande, Gari na Geti: Nani Alitazama Wanyama Nairobi?

Kila mwenye kuisifu Nairobi huanza na picha ileile: twiga amesimama nyikani, na nyuma yake majengo marefu ya jiji. Ni miji michache sana duniani yenye simba na faru wanaoishi porini ndani ya mipaka yake, na Wakenya wana kila haki ya kujivunia. Ila picha hiyo hufuatana na masimulizi mawili yanayostahili kutiliwa shaka. La kwanza linadai kwamba mbuga, misitu na bustani za Nairobi ni zawadi ya Wazungu wachache walioona mbali. La pili, ambalo siku hizi hata Waafrika wenyewe hulikariri, linadai kwamba Mwafrika hana desturi ya kutazama wanyama: akimwona swala huwaza kitoweo, na kutembea msituni kwa starehe ni mambo ya kizungu. Hoja yangu ni kwamba historia ya jiji hili inayakanusha yote mawili. Kilichoamua nani atazame wanyama na nani asitazame ni ruhusa ya kutembea: nani aliweza kupita wapi, kwa karatasi gani, kwa chombo gani na kwa shilingi ngapi. Na kila mara ruhusa hiyo ilipopanuliwa, watu walikuja.

Tuanze kabla ya reli. Uwanda unaoanzia Nairobi ya leo kwenda kusini hadi Athi na Kapiti ulikuwa malisho ya Wamaasai. Ng'ombe na nyumbu walikula majani pamoja kwa vizazi, kwa kuwa Mmaasai kwa mila yake hakula nyama ya porini isipokuwa njaa ilipomshika kooni. Mfugaji aliyewajua pundamilia kwa mienendo yao, aliyeisoma mvua kwa ndege na simba kwa kelele za ngedere, alikuwa mtazamaji hodari kuliko mgeni yeyote mwenye darubini. Tofauti ni kwamba hakulipa ada wala hakuandika kitabu. Reli ilipofika Nairobi Mei 1899, wageni waliduwaa kwa wingi wa wanyama waliowaona dirishani, wakadhani wamekuta nchi isiyo na mwenyewe. Kilichofuata ni bunduki. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Desemba 1904, na kwa muda mfupi Nairobi ikawa kituo cha matajiri wa Ulaya na Marekani waliokuja kuwinda. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliwasili mwaka 1909, akapanda reli kutoka Mombasa akiwa ameketi kwenye benchi mbele ya injini ili asipitwe na kitu, kisha akaanza kuwinda kwenye uwanda wa Kapiti. Kufikia mwisho wa msafara wake huko Sudan, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama 512. Basi linapokuja suala la nani alimtazama mnyama kama shabaha, kumbukumbu hazimsaidii sana anayemnyooshea Mwafrika kidole. Tena, katika misafara hiyo walioanza kumwona mnyama walikuwa wafuata nyayo na wabeba bunduki wa Kiafrika. Macho yalikuwa yao, lakini sifa ilimwendea aliyefyatua risasi.

Jiji lenyewe lilipopangwa, lilipangwa kwa rangi. Wazungu walijichagulia vilima vya magharibi na kaskazini, penye hewa nzuri na miti. Wahindi walipewa Ngara na Parklands. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi unaotuamisha maji: Pumwani, na baadaye Shauri Moyo, Makongeni na mitaa mingine ya Eastlands. Ukiichukua ramani ya maeneo ya miti ya Nairobi ukailaza juu ya ramani hiyo ya rangi, utaona mambo waziwazi. Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti itakayofaa kwa kuni za reli, iko magharibi. City Park iko kaskazini. Karura, uliotangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, umezungukwa na mitaa ya kifahari ya Muthaiga, Gigiri na Runda. Msitu wa Ngong Road uko magharibi. Eastlands haikuachiwa msitu hata mmoja wa kulinganishwa na hiyo. Maji taka ya jiji ndiyo yaliyoelekezwa mashariki, na kwa kejeli ya historia mabwawa ya kuyasafishia huko Ruai, yanayojulikana kwa jina la Dandora, yamekuwa miongoni mwa mahali pazuri kabisa pa kuona ndege wa majini karibu na Nairobi, wakiwemo bata wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Wapenzi wa ndege kutoka mitaa ya kifahari huvuka jiji zima kwenda kunusa harufu ambayo majirani wa mabwawa hayo hawakuwahi kuulizwa kama wanaitaka.

Umbali peke yake haungemzuia mtu. Sheria ndiyo iliyomzuia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ilianza kutekeleza sheria ya usajili ya mwaka 1915, na kila mwanamume Mwafrika mtu mzima akalazimika kubeba kipande, yaani hati ya kumtambulisha, aghalabu ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kipande kilionyesha mwajiri wake ni nani na ameachana naye lini. Juu ya hapo kulikuwa na sheria za uzururaji, zilizompa polisi uwezo wa kumkamata Mwafrika aliyeonekana mjini bila kazi inayoeleweka. Fikiria maana yake kwa anayetaka kutembea tu. Mpishi aliyelala Pumwani na kufanya kazi Muthaiga aliuona msitu wa Karura kila siku, lakini kuingia humo Jumapili na kuzurura kwa raha zake, akiwasikiliza ndege, kulikuwa ni kujitengenezea kesi. Kutembea bila shughuli, ambako ndiko kiini cha mapumziko yoyote ya nje, kwa Mzungu kuliitwa burudani na kwa Mwafrika kukawa kosa. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 mambo yalizidi kuwa magumu. Mapango ya Karura yalitumiwa na wapiganaji wa Mau Mau, waliouasi utawala wa kikoloni, na kuonekana msituni kukawa sababu ya kupigwa risasi. Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi nzima katika operesheni iliyoitwa Anvil na kuwakamata maelfu kwa maelfu ya watu. Wazazi waliopitia miaka hiyo hawakuwa na sababu ya kuwafundisha watoto wao kwamba msitu ni mahali pa kupunga upepo.

Katikati ya mazingira hayo ndipo Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ilipozaliwa, na hapa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mervyn Cowie, mhasibu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1909, aliona wanyama wakitoweka na serikali ikipuuza. Akatumia hila: aliandika barua kwenye gazeti la East African Standard kwa jina la bandia la mlowezi mkongwe, akipendekeza wanyama wote wauawe ili ardhi itumike. Wasomaji walighadhabika kama alivyotarajia, na ghadhabu hiyo ikaisukuma serikali kuunda kamati. Vita vya Pili vikachelewesha kazi. Sehemu ya uwanda huo ikatumiwa na jeshi kwa mazoezi. Hatimaye, tarehe 16 Desemba 1946, mbuga ikafunguliwa, ya kwanza nchini Kenya, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 117. Cowie akawa mkurugenzi wa kwanza wa mbuga za taifa, na mwaka 1951 sinema ya Kiingereza ikatengenezwa kutokana na kazi yake. Hayo yote ni kweli. Lakini uwanda alioutaka haukuwa mtupu. Ulikuwa malisho ya jumuiya, ukitumiwa na wafugaji wa Kimaasai pamoja na Wasomali ambao baadhi yao walikuwa wamelitumikia jeshi la Mwingereza. Mbuga ilipofunguliwa kwa watazamaji, wafugaji walifungiwa. Waliokuwa wakiishi na wanyama hao kila siku wakawa wavamizi, na aliyekuja na gari akitokea mtaa wa kifahari wa Karen akawa mgeni wa heshima.

Hapa atasimama mtu aseme: bila ukali ule leo kusingekuwa na chochote cha kutazama. Jiji limemeza kila kitu kilicholizunguka. Uwanda ule ungekuwa viwanda na maghorofa. Pingamizi hili ni zito, na nusu yake naikubali. Bila mstari kwenye ramani na sheria nyuma yake, upande wa kaskazini wa mbuga usingedumu hata muongo mmoja. Lakini pingamizi linasahau kwamba mbuga hiyo ina ua pande tatu tu. Upande wa kusini, kando ya mto Mbagathi, uliachwa wazi kwa sababu nyumbu na pundamilia hawawezi kuishi mwaka mzima ndani ya kilomita za mraba 117. Mvua zikinyesha hutoka kwenda kwenye nyanda za Kitengela na Kaputiei, ardhi ya wafugaji, na kiangazi hurudi. Kwa maneno mengine, mbuga iliishi miaka yote hiyo kwa ukarimu wa watu wale wale iliowafukuza. Na ukarimu ulipoanza kuvunjwa na soko la ardhi, sheria haikuweza kuziba pengo. Baada ya ranchi ya pamoja ya Kitengela kugawanywa kuwa mashamba ya mtu mmojammoja, na mji wa Athi River kuvuta viwanda na wapangaji, ua ulifuata ua. Nyumbu wa eneo hilo waliokaribia 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa hawafiki 5,000 kufikia mwaka 2011. Mbuga ilikuwa palepale, askari wake walikuwa palepale. Kilichopungua ni wafugaji walioweza kumudu kuacha ardhi wazi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, geti la mbuga halikuwa na ubaguzi tena kwa maandishi. Lakini kanuni ilibaki kwamba mgeni asishuke garini isipokuwa mahali maalumu, na ni kanuni ya busara penye simba. Matokeo yake ni kwamba kipande kiliondoka na gari likachukua nafasi yake. Kwa miaka mingi ada ya raia mtu mzima ilikuwa shilingi 430, fedha ambayo mfanyakazi wa kawaida angeweza kuitafuta mara moja kwa mwaka kwa ajili ya watoto, gari hakuweza. Ushahidi kwamba kikwazo kilikuwa gari, wala siyo hamu, uko pale pale getini. Katika miaka ya 1960 kulifunguliwa kituo cha kulea wanyama yatima, mahali ambapo mtu huingia kwa miguu. Hapo ndipo palipojaa shule, kwaya na familia zilizovalia nguo za sikukuu, miongo kwa miongo, huku njia za ndani ya mbuga zikibaki na magari ya watalii. Ushahidi wa pili ni Wildlife Clubs of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa sekondari wenyewe, ikasambaa nchi nzima na kuwapeleka vijana mbugani kwa mabasi ya bei nafuu. Wa tatu umetangulia uhuru: mwanaakiolojia Louis Leakey, alipochukua usimamizi wa Makumbusho ya Coryndon (leo Makumbusho ya Taifa ya Nairobi) miaka ya 1940, aliwafungulia milango Waafrika na Wahindi. Jumba hilo lilikuwa limetokana na chama cha wapenda maumbile kilichoundwa mwaka 1909 na maofisa na wamisionari, na kwa muda mrefu lilikuwa lao. Lingeendelea kuwa lao kama mlango haungefunguliwa kwa uamuzi.

Chama hicho hicho, ambacho siku hizi hujulikana kwa jina la Nature Kenya, ndicho kinachotupa kisa kizuri zaidi. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yakianzia kwenye makumbusho. Hayakuhitaji bunduki, leseni wala cheo. Yalihitaji miguu, subira na mtu wa kukuonyesha. Kwa zaidi ya nusu karne matembezi hayo yamepita Arboretum, City Park, Karura, mabwawa na mashamba ya pembezoni, na vijana wengi wa Kenya walioanza humo bila hata darubini leo wanaongoza wageni au wanafanya utafiti. (Jumatano asubuhi ni saa ya kazi, kweli, na mtu wa karakana Gikomba hawezi kuiacha, ndiyo maana kuongezwa kwa matembezi ya Jumapili kulikuwa na maana kubwa kuliko inavyoonekana.) Walichokikuta Nairobi si haba: eneo la jiji na viunga vyake limewahi kurekodiwa ndege wa aina zaidi ya 600, idadi ambayo nchi nzima nyingi za Ulaya hazifikii. Na anayedhani elimu ya ndege ililetwa na vitabu vya kigeni amsome Hussein Isack, mtafiti wa makumbusho ya Nairobi. Mwaka 1989, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, alichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya mlembe, ndege anayemwongoza mtu hadi kwenye mzinga. Walionyesha kwamba madai ya warina asali wa Kiborana kuhusu lugha ya ndege huyo yalikuwa sahihi kwa vipimo: bila ndege, kutafuta mzinga mahali wasipopajua kuliwachukua karibu saa 9 kwa wastani, kwa kumfuata, saa 3 na kidogo. Wasomi wa nje walikuwa wamelitilia shaka jambo hilo kwa muda mrefu. Warina asali hawakuwa na shaka.

Lakini mwaka huohuo wa 1989 ulikuwa na vita vikubwa zaidi katikati ya jiji. Bustani ya Uhuru, iliyofunguliwa na Jomo Kenyatta mwaka 1969, ilikuwa ya kwanza kubwa ambayo mkazi wa Eastlands aliihesabu kuwa yake. Jumapili zilijaa mashua, wapiga picha, wahubiri, wapenzi na watoto wanaobingirika kwenye nyasi. Chama tawala kilitaka kujenga humo jengo la ghorofa 60. Mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua, akadhihakiwa Bungeni, akafukuzwa ofisini, lakini wafadhili wa nje wakajitoa na jengo halikujengwa. Miaka michache baadaye ikaja zamu ya Karura. Mamia ya hekta kati ya 1,041 za msitu huo yaligawiwa kimyakimya kwa watu wa kujenga nyumba za fahari. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti getini, wakapigwa na genge la walinzi. Yeye akapasuliwa kichwa, akatia sahihi taarifa ya polisi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Agosti mwaka huo Rais Moi akasimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Kwa hiyo ukitembea leo chini ya miti ya Karura, ukamwona mbega aliyerejeshwa humo baada ya 2010 au shorobo akiruka kwa mbawa nyekundu, mtu wa kumshukuru si gavana wa kikoloni aliyetia muhuri mwaka 1932. Muhuri wake ulikuwa umeshindwa. Msitu uliokolewa na wananchi ambao wengi wao hawakuwahi kupata nafasi ya kutembea ndani yake.

Karura ilipofunguliwa kwa matembezi mwaka 2011, ikiwa na ua wa umeme, njia zilizochongwa na kiingilio cha shilingi 100 kwa raia mtu mzima, jaribio la hoja yangu likawa limekamilika bila mtu kulipanga. Kabla ya hapo msitu ulijulikana kwa majambazi na maiti zilizotupwa. Watu walikaa mbali nao kwa hofu, na hofu hiyo ikatafsiriwa kuwa kutopenda maumbile. Walipohakikishiwa usalama, kwa bei iliyo sawa na nauli ya matatu, walifurika: wakimbiaji, vikundi vya kanisa, wanafunzi, wapenzi wa baiskeli, familia zenye chapati na chai ya chupa. Wako wanaouita ua huo ubaguzi mpya, wakisema kwamba umewekwa kuwafaa majirani matajiri na kwamba kiingilio cha watoto wanne na wazazi wawili si kidogo. Wana hoja. Geti la Karura liko mbali na Dandora kwa matatu mbili, na nauli hiyo ndiyo kodi halisi. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba ua wenyewe ndio tatizo. Ua wa mwaka 2011 ulimzuia mnyakuzi na jambazi, na ukawa na mlango ambao mpishi wa Muthaiga huupita bila kueleza mwajiri wake ni nani. Kinachobaki kudaiwa ni milango mingine kama huo upande wa mashariki. Na kwa wanaosema kwamba maskini anahitaji chakula kwanza, ndege baadaye, jibu limeonekana Bustani ya Uhuru siku za Krismasi: mwenye kidogo ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya mahali pa bure pa kukaa na watoto.

Mbuga ya Nairobi yenyewe imekuwa ikiandikiwa mipango mipya. Tangu 2019 garimoshi la kwenda Naivasha hupita juu yake kwa daraja refu, licha ya kesi na maandamano. Mwaka 2020 ilitolewa rasimu ya mpango wa miaka kumi iliyopendekeza, pamoja na mengine, kuziba upande wa kusini kwa ua na kujenga hoteli ndani, na ikapingwa vikali na wahifadhi. Wakati huohuo, utaratibu ulioanza mwaka 2000 wa kuwalipa wafugaji wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge wala wasizungushie ua ulikuwa ukiyumba kila wafadhili walipochoka, ingawa ndiyo njia iliyowatambua kuwa wenye ardhi. Historia niliyoieleza inaonyesha maswali gani yatangulie. Kabla ya kujadili hoteli, wasimamizi waeleze mtu wa Kayole, huko Eastlands, asiye na gari ataingiaje mbugani siku ya Jumapili, na kabla ya kujadili ua, mfugaji wa Kitengela atalipwa nini, na nani, asipouza shamba lake. Mpango usio na jibu la maswali hayo mawili urudishwe kwa walioandika.